Siku Walipoiba Skrini

Nina hasira na kabati lile mpaka leo. Lilikuwa la mbao nzito, lenye kufuli mbili. Kila jioni kiongozi wa ofisi yetu ya parokia, ambaye sote tulimwita shefu, alichomoa nyaya za skrini ya kompyuta, akaifunika kwa kitambaa alichofumiwa na mkewe, kisha akaifungia humo kama bibi harusi. Sanduku la chuma lenye kompyuta yenyewe aliliacha sakafuni chini ya meza. Mchana aliliwekea miguu.

Nilimweleza. Mungu ni shahidi, nilimweleza mpaka mate yakanikauka. Nilimwambia skrini haijui kitu. Inaonyesha tu yale ambayo sanduku linaitumia, kwa vinukta vidogo vya mwanga, na umeme ukikatika inasahau yote papo hapo. Printa nayo ni vivyo hivyo, ila yenyewe inaacha alama kwenye karatasi. Kuna na kispika kidogo ndani ya sanduku, kazi yake kulia tu. Hiyo yote ni midomo, nilisema, kichwa kiko chini ya viatu vyako.

"Mama sekreteri," akanijibu, "weye unapenda sana kufundisha bakubwa. Maandiko minaonaka wapi? Ku ile televizio, ao ku sanduku?"

Basi, waporaji walipopita mji wetu wa Bunia, huku Kongo, katika vita ile ya Ituri, walifikiri kama yeye. Tuliporudi kutoka mafichoni tulikuta kabati limepasuliwa kwa shoka. Skrini haikuwepo. Walichukua pia printa mpya, ile ya kutema matone ya wino, ambayo shefu aliwasifia wageni wote kwa sababu ilikuwa kimya. Sanduku waliliruka. Kwenye kona waliacha printa ya zamani, ya sindano, ambayo shefu aliniamuru niifunike blanketi kila nikichapisha, maana kelele zake zilimuumiza kichwa. Daftari tulilojazia orodha zetu kwa mkono waliwashia moto wa kupikia.

Shefu aliketi akashika tama. "Ordinateri imekwenda," akasema, yaani kompyuta. "Yote imekwenda." Nikamwambia haikwenda. Hakunisikia, na mimi nilikuwa nimechoka, nikachukua ufagio. Kwa hilo najilaumu zaidi kuliko ninavyomlaumu yeye.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, mkulima wa Djugu, miguu imevimba. Walipokimbia kijiji chao alipotezana na binti yake wa miaka sita. Parokia yetu ndiyo iliyoandikisha watoto waliookotwa njiani bila wazazi na kuwapeleka kwa familia za waumini kwenye barabara ya Kisangani: Mambasa, Niania, na vijiji vya katikati. Orodha niliichapa mwenyewe. Mama huyu alikuwa amepata nafasi kwenye lori la kuondoka saa nane mchana ule, lakini hakujua ashukie wapi wala aulize nyumba ya nani.

"Mama, pole," shefu akamwambia. "Ile liste iliibiwa na ordinateri."

Nikaona giza. "Haikuibiwa! Iko chini ya miguu yako, shefu! Toa miguu!"

Sikuwahi kumpigia mkubwa kelele kabla ya siku ile. Alitoa miguu.

Tulikuwa na chupa moja ya esansi, petroli ya mwisho. Nikaimimina kwenye jenereta kuukuu ambayo waporaji hawakuiona, nikaunganisha kibodi na printa ya sindano, nikabonyeza. Sanduku likavuma, kisha likalia pii, mara moja. Mlio mmoja maana yake niko mzima. Milio mingi ingekuwa ni ugonjwa.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema iko."

Kompyuta ile ilikuwa ya mtindo wa kuamrishwa kwa maneno ya kuchapa. Nilijua jina la faili, nilijua amri ya kutoa yaliyomo, na nilijua jinsi ya kuielekeza ipeleke maneno kwenye printa badala ya skrini. Nisichokuwa nacho ni macho. Niliandika nikitazama ukuta. Kimya. Bila shaka nilikosea herufi na kompyuta ilikuwa inanieleza kosa langu kwa utaratibu kabisa, kwenye skrini ambayo sasa ilikuwa sebuleni kwa mwizi. Nikaandika tena. Kimya. Shefu akakohoa kile kikohozi chake cha "nilikuambia." Nikamwomba atoke nje. Akabaki.

Mara ya tatu printa ikapiga kelele mpaka mama akaruka. Kichwa cha printa kikaenda na kurudi, karatasi ikapanda, tukakimbilia kuisoma. Nyeupe! Ukanda wa wino ulikuwa umekauka. Nilitaka kulia kwa hasira.

Lakini nilipopapasa karatasi nikasikia vishimo. Printa ile haitemi wino. Sindano zake hugonga ukanda, na ukanda huacha alama. Kama zinagonga hivyo, nikawaza, zigonge kitu kingine. Nikatoa karatasi ya kaboni iliyobaki kwenye mashine ya kuandikia, nikaiweka katikati ya karatasi mbili, nikarudia amri. Safari hii maandishi ya buluu yakatoka kwenye karatasi ya chini, yamekolea.

Mama alisoma mwenyewe, kidole kwenye kila mstari. Akafika mwisho. Akarudi juu. Jina la mtoto wake halikuwemo.

"Unaona," shefu akaanza, "miye nilisema..."

"Nyamaza, shefu."

Chini kabisa kulikuwa na wale ambao niliwaandika bila majina. Nikamwonyesha mstari mmoja, maneno yangu mwenyewe: msichana, miaka kama sita, kovu la moto kiwiko cha kushoto, hasemi. Pembeni, Niania, na nyumba ya katekista wa kule.

Mama alirudisha kidole kwenye neno hasemi, akakishikilia hapo. Nilidhani anafurahi. Alikuwa amekasirika kuliko mimi.

"Nani aliandika hivi? Kovu ni yake, lakini mutoto yangu iko anasema! Ku nyumba anasema mupaka tunamukataza. Baba yake anamwambiaka: nyamaza kidogo, tulale. Nani alisema hasemi?"

Nikakiri ni mimi. Nilimwandika vile nilivyomwona, siku mbili alikaa ofisini kwetu akiangalia ukuta. Mama akakunja karatasi, akaitia kifuani, akaenda kwenye lori. Shefu alimfuata mpaka mlangoni akilalamika kwamba karatasi haina muhuri.

Yapata miezi miwili baadaye dereva mmoja wa lori aliingia ofisini akiuliza mama sekreteri ni nani. Nilikuwa nachapisha, printa ya sindano inapiga kelele, blanketi liko sakafuni.

"Yule mama uliyemupatia karatasi anakusalimia toka Niania," dereva akasema kwa sauti ya juu. "Anasema ufute ile neno. Mutoto amechokesha ile nyumba yote na maneno."

Shefu akaziba masikio, akaniambia niizime mashine ile ili asikie vizuri. Sikuizima. Nilifungua faili kwa kubahatisha, maana skrini hatukuwa nayo bado, nikafuta neno lile, kisha nikachapisha orodha nzima upya.