Raketi Mbili Nilizonunua Nakonde

Iko asubuhi moja ambayo hainitoki, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka Iyula hata paa la kanisa halionekani, na mimi nilisimama mlangoni mwa ghala la kahawa nikiwa na raketi mbili mpya zimefungwa kwenye gazeti, najiona mtu mkubwa kuliko wote Mbozi. Kila ninapoikumbuka huwa naiona kama ndoto aliyoota mtu mwingine kisha akanisimulia: ukungu, ukimya, harufu ya maganda ya kahawa ya mwaka uliopita. Halafu nakumbuka kilichofuata, nazinduka.

Nimeikumbuka tena kwa sababu ya ujumbe wako wa Jumapili. Umeniandikia, "Shikamoo mjomba. Nimepanda kiwango sasa, nataka raketi kali, kama hii ya huyu bingwa. Jumamosi naingia dukani. Mama kasema nikuulize wewe, ati wewe ndiye unayejua kuchagua." Na picha ukaweka, raketi nyeusi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, hasa pale mwisho. Kwa hiyo Neema, tulia hapo Mpemba, chukua chai yako, maana jibu langu ni refu na siku hizi mimi sina haraka na lolote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yako, dada yangu Tabitha, ananizidi mitatu. Kabla hajaolewa Ibaba alikuwa msichana wa hapa hapa Iyula: shamba la kahawa, mahindi, kwaya, kanisa. Kilichotutofautisha na wenzetu ni mchezo wa vinyoya, huu mnaouita badminton. Ulitufikia kwa Mzee Silwimba, mstaafu wa reli aliyehamia kijijini kwa mkewe. Yeye alifundishwa na mafundi wa Kichina kambini, enzi za kujenga reli, na alikuja na mchezo wake Iyula kama mwingine anavyokuja na cherehani.

Upepo wa kwetu unaujua. Kinyoya ukikirusha nje kinaenda kinakotaka chenyewe. Mzee akaomba wenye ushirika watuachie ghala la kahawa, ambalo hukaa tupu tangu magunia ya mwisho yaondoke mpaka mavuno mapya yaanze. Miezi hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Tulichora mistari kwa chokaa, tukafunga wavu wa kamba za katani. Jua liliingia kwa madirisha ya juu kabisa, vumbi laini la maganda likielea ndani yake, na kinyoya kikipita kwenye mwanga ule kilikuwa kama kimesahau kushuka. Mpaka leo nikifumba macho nausikia mlio wake, tap, kisha kimya, kisha tap. Kuna mchana nakaa barazani hivyo, na mke wangu hudhani nimesinzia.

Mama yako alicheza kwa mkono wa kulia. Najua hapo umekunja uso, kwa kuwa maisha yako yote umemjua kama mtu wa shoto. Subiri, tutafika.

Hakuwa bingwa, na mimi pia sikuwa. Tulikuwa watu wa katikati, kama wewe sasa: mchezo tunaujua, miguu inafika, lakini mara kinyoya kinapata katikati ya nyuzi, mara kinapata pembeni. Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla kahawa haijaingia ghalani, walikuja vijana wa Tunduma pamoja na jamaa zao wa ng'ambo ya mpaka kucheza nasi. Kila mwaka walitufunga, wakala ugali wetu, wakarudi wakiimba. Mwaka ule mama yako alisema tumechoka. Alikuwa ameshaposwa, na alijua Ibaba hakuna ghala wala wavu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, naye alitaka kushinda mara moja tu kabla hajaweka raketi chini.

Raketi tulizokuwa nazo zilikuwa za chuma, zimepinda. Akauza maharage yake, akanikabidhi pesa ya raketi mbili, yake na yangu, maana Jumamosi hiyo alikuwa na kwaya. Nikamuuliza anataka ya namna gani. "Chagua unavyoona wewe, Enock," akasema. "Mimi nakuamini." Hayo maneno, mwanangu, mtu akikuambia, kaa chini kwanza kabla hujanyanyuka.

Nikashuka Tunduma, nikavuka mpaka kwa miguu, nikafika Nakonde kwa mama mmoja aliyeuza vifaa vya michezo vya mitumba. "Mulishani, mukwai," akanikaribisha kwa Kibemba, akanitandikia raketi kumi hivi juu ya turubai. Sasa nikuulize, mtoto wa mkulima wa Mbozi anajua kuchagua nini? Mpini wa jembe. Mpini unaukamata huku na huku, unaukandamiza gotini, ukinesa unaurudisha, ukikataa kupinda ndio wa kwako. Basi nikazifanyia raketi hivyo hivyo. Kila moja niliikamata ule mti mwembamba ulio kati ya mshiko na kichwa, nikaukandamiza. Zilizonesa nikazisukuma kando. Mama wa watu, niliyekuwa nimemwambia moja ni ya dada yangu, akanitazama, akaniambia, "Dada yako mpe hii laini, mukwai, mkono hautachoka." Nikamwona hajui mali yake. Nikachukua mbili zilizofanana, ngumu, nzito kichwani, nyuzi zimekazwa kama ngozi ya ngoma. Nilivuka kurudi nikitabasamu peke yangu.

Ndiyo ikaja asubuhi ile ya ukungu. Mzee Silwimba alifungua gazeti, akachukua raketi moja, lakini hakuipiga. Aliugonga uzi kwa ukucha, akasikiliza. Akaukandamiza mti. Akailaza juu ya kidole kimoja, na ikaangukia upande wa kichwa. Halafu akanigeukia.

"Wewe hujanunua raketi," akasema. "Umenunua mipini ya jembe."

Wenzangu walicheka. Akaendelea kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa. Mti mgumu, alisema, ni wa mtu ambaye mkono wake tayari una kasi ya kuuamsha. Mkono wa katikati bado unahitaji kusaidiwa. Mti ukinesa kidogo, unakurushia kinyoya mbali bila wewe kujikamua. Usiponesa, kazi yote ni yako, na ukipiga pembeni, ule mtikisiko hauna pa kwenda ila kwenye kiwiko. "Yako ukitaka baki nayo," akamaliza. "Ila ya dada yako, kesho kairudishe."

Ningeweza kuirudisha. Nakonde haikuhama. Lakini nilikuwa nimechekwa, na kijana aliyechekwa hasikii. Nikasema mzee amezoea vyuma vyake vya zamani. Nikamgeukia dada, naye alikuwa anaigeuza ile raketi mkononi, anaitazama ilivyong'aa, kisha akanitazama mimi nilivyokuwa nimenuna. "Ni nzuri," akasema. "Mdogo wangu kanichagulia, nitacheza nayo." Alinifichia aibu yangu, na mimi nikaichukua zawadi hiyo bila hata kushukuru.

Wiki zikapita, moja ikiingia ndani ya nyingine, siwezi kuzitenganisha sasa. Naona tu lile ghala na mwanga wake. Naona mama yako anakuja na kipande cha kitenge amekifunga kiwikoni, anasema ni cha kuzuia jasho. Naona akikunja uso kila kinyoya kilipopata pembeni, kisha akikunjua haraka akijua namtazama. Niliona, Neema. Naandika hivi ili usije ukadhani sikuona. Niliamua kuamini habari ya jasho.

Siku ya mechi wageni walikuja na nyimbo zao. Mimi na mama yako tulicheza upande mmoja, mpaka mwanga wa madirisha ukahama ukuta. Mwishoni kinyoya kilipanda juu sana, karibu na mabati, kikakaa huko kama kinafikiri, na mama yako akawa chini yake anakingoja, mkono umeinuka. Sijawahi kuona mtu mzuri vile. Alikipiga kwa nguvu zake zote zilizobaki, kikatua kwenye mstari wa chokaa, vumbi jeupe likaruka. Tulishinda. Watu wakaingia uwanjani, mimi nikabebwa. Nikiwa huko juu mabegani nilimwona ameletewa kikombe cha maji, akakipokea kwa mkono wa kulia, na kikombe kikaanguka. Akakiangalia pale chini. Hakuonekana kushtuka, alionekana kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo.

Mavuno yakaanza, kahawa ikaingia ghalani. Mama yako, ambaye shambani alikuwa na mkono mwepesi kuliko sote, hakuweza tena kuzungusha mashine ya kumenyea kahawa. Hospitali walisema msuli wa kiwiko umechanika, aupumzishe. Nani anapumzika wakati wa mavuno? Alichuma kwa kushoto, akachambua kwa kushoto. Mkono wa kulia ulirudi nusu, halafu ukaishia hapo. Baridi ya Ibaba ikianza, mpaka leo unamuuma.

Sasa sikiliza jambo ambalo hujawahi kuambiwa. Kwetu mtu hampi mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, sembuse bibi harusi. Siku alipoingia kwa kina baba yako, akatakiwa kumpa mkwewe chai mbele ya ukoo mzima. Kikombe kilikuwa kimejaa, cha moto, na mkono wa kulia hakuuamini. Akatoa kwa kushoto, ule wa kulia ameushikiza chini ya kiwiko kama anayeomba radhi. Wanawake wakanong'ona kwamba huyu hakufundwa. Miaka ilipita kabla minong'ono haijaisha, na hakumweleza yeyote, kwa sababu kueleza kungekuwa kunitaja mimi. Mama yako hakuzaliwa wa shoto, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfanya wa shoto, kwa kuchagua raketi kama mpini.

Kwa hiyo Jumamosi ukiingia dukani, ile picha ya bingwa iache kwenye simu. Yule ana mkono wake na wewe una wako. Mwambie muuza duka ukweli kwamba wewe ni mtu wa katikati, usione haya. Shika mti wa raketi, ukandamize taratibu, na ukinesa kidogo ufurahi, kinyume kabisa na nilivyofurahi mimi. Ilaze juu ya kidole, katikati. Ikitulia au ikaegemea upande wa mshiko ni rafiki yako, ikikimbilia kichwani iache kwa wenye mabega. Kichwa kiwe kipana, kilichotanuka juu kuliko yai, ili siku kinyoya kikipata pembeni, na kitapata tu, kivuke wavu hivyo hivyo bila kukuadhibu. Nyuzi usikubali zikazwe sana. Akikuuliza, sema mkazo wa paundi ishirini na mbili, basi. Halafu icheze kidogo. Kesho yake asubuhi, kabla hujamsikiliza mtu yeyote, sikiliza kiwiko chako. Na siku mtu mwingine akikuambia umchagulie kwa kuwa anakuamini, muombe kwanza akuonyeshe mkono wake.

Jana nilimpigia simu mama yako. Nilimuuliza imekuwaje akutume kwangu, mimi wa kuchagua vibaya namna ile. Nikasikia ng'ombe kwa mbali na sufuria ikitokota. Halafu akacheka kile kicheko chake cha ghalani, kile kile. "Enock," akasema, "hakuna mtu duniani atakayeogopa kumuumiza mwanangu kuliko wewe." Nilikaa na simu sikioni mpaka salio likakata.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akutunzie mikono yote miwili, akupe mchana mrefu wenye mwanga mzuri na mtu wa kucheza naye upande wako. Na ukipanda Ibaba, mama yako akikunyooshea kikombe kwa kushoto, inama kidogo, ukipokee kwa mikono yote miwili.