Pini ya Pampu ya Olbalbal

Bushi ile ilikuwa ya plastiki nyeusi iliyochanganywa na nyuzi za kioo na unga laini kama wa kalamu ya risasi. Kazi yake ni kukaa kati ya mpini wa pampu ya maji na pini ya chuma ili vyuma visisagane. Haitaki mafuta. Inapofanya kazi huacha utando mwembamba mweusi juu ya pini, na utando ukishakaa, plastiki huteleza juu ya plastiki na kulika hupungua sana. Nilijifunza hayo kwenye karatasi za watengenezaji, kamusi ikiwa pembeni, maana shule yangu iliishia darasa la saba.

Kwa hiyo nilipoitwa tena kutoka Karatu hadi kijiji cha Olbalbal na kukuta bushi ya pili imelika upande mmoja, mpini unayumba, nilitazama pini kwanza. Iling'aa kama kijiko kipya.

Mlinzi wa pampu alikuwa mama wa Kimaasai aliyechaguliwa na wanawake wenzake; wote tulimwita Yeyo, yaani mama.

"Yeyo, nani anaisugua hii?"

"Mimi. Kila asubuhi, kwa kitambaa na majivu. Ulidhani punda?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nikamweleza habari ya utando. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapitisha kidole chini ya mpini na kunionyesha vumbi la kijivu, laini kama unga wa sembe.

"Na hili nikiliacha, halisagi?"

"Linasaga."

"Nikilifuta, natoa weusi wako."

"Ndiyo."

"Sasa nifanye lipi, fundi? Wewe ndiye uliyesoma."

Waliopima bushi zile walizipimia ndani, mahali pasipo na upepo wala vumbi la Olbalbal.

Nilikuwa nimebakiwa na bushi moja. Watengenezaji walishabadilisha aina ya pampu, na duka la Arusha halikuagiza tena. Niliwahi kuchonga nyingine kwa plastiki nyeupe ya kawaida. Ililainika juani ikavimba. Nikaifunga hiyo ya mwisho, nikaizungushia kipande cha mpira wa tairi, ingawa nilijua vumbi la pale litapita. Yeyo akaweka dumu lake chini ya bomba.

"Jaribu."

Nikashika mpini, nikasita.

"Nini tena?"

"Kila tunapovuta, inalika."

Alitazama foleni, halafu punda waliosimama na madumu matupu. Maji mengine yalikuwa mwendo wa kutwa.

"Tusipovuta, tunywe nini?"

Nikavuta. Maji yalikuja mazuri, mpini haukulia. Dumu lake lilipojaa, mama mwingine akasogeza lake, na mwingine nyuma yake, nami nikaendelea kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Nilipoinama kuangalia, weusi ulikuwa umeanza kushika upande mmoja wa pini. Juu yake palikuwa na vumbi. Yeyo naye aliinama akaliona, kitambaa mkononi, akanitazama.