Likizo Niliyosafisha Riwaya za Mapenzi

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwa kifutio, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndani ya saluni ya Tantine Rejine, na nililifanya kwa furaha huku nikipiga mluzi. Nikikumbuka siku zile, harufu ndiyo hutangulia: mafuta ya nywele yakiungua kidogo kwenye chanuo la chuma, makaa ya mbabula, lile jiko dogo lililopasha chanuo moto, moshi wa nyasi zilizochomwa kwenye vilima vya nyuma ya mji, na samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele ndani ya beseni la Mama Naomi, aliyekuwa akiwauza sokoni na ambaye hakukubali kuliacha beseni nje hata alipokuja kusukwa. Ilikuwa Julai, majira ya baridi na vumbi. Asubuhi za Julai watu wa mji wetu, Likasi, huvaa sweta mbili, na malori ya mawe ya madini kutoka Kamatanda hupita yakiacha vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Kila lori lilipopita, Tantine alikifunika kichwa cha mteja kwa taulo, akangoja, akafunua, kisha akaendelea na sentensi yake palepale alipokuwa ameikatia.

Tantine Rejine ni mdogo wake mama. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na chini ya kioo hicho katoni la sabuni lililojaa riwaya za mapenzi. Zilikuwa za Kifaransa, nyembamba, zilizotumika, arobaini na kitu hivi. Nyingine alizileta mwenyewe kutoka Lubumbashi, nyingine ziliachwa na wateja waliohama. Mteja alichukua kitabu kimoja, akakirudisha, akachukua kingine. Karibu wote walikuwa mama wa kanisa, waliokemea shetani alfajiri kwa sauti ya kutikisa mabati, na hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu kulia machozi saa tisa alasiri kwa ajili ya daktari fulani wa ndani ya kitabu aliyekataa kusema anachokihisi. Sisi watoto tulikatazwa kuvigusa. “Ni bitabu ya bakubwa,” Tantine alisema, na kwa kusema hivyo alihakikisha kwamba nisingewaza kitu kingine likizo nzima.

Lazima niseme nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa nikichana karatasi ya daftari na kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Nililala vibaya ikiwa viatu vya baba havikuelekea upande mmoja. Kwa hiyo Tantine alipokwenda kwenye semina ya kanisa kwa siku tatu na kuniachia ufunguo ili nifagie, nilifagia kwa dakika kumi, kisha nikalitazama lile katoni. Vitabu vilikuwa katika hali ya kutia huruma: majalada yamekunjamana, pembe zimeliwa, alama za vidole vyenye mafuta kila mahali. Nikajiambia kwamba nitavitengeneza tu, sitavisoma. Huo ulikuwa uongo. Nilivisoma vyote nilivyoweza, nikirukaruka maneno nisiyoyajua, na kila niliposikia hatua nje nilishika kitambaa na kuanza kupangusa. Lakini hata kazi yenyewe niliifanya kwa moyo wote. Nilibandika majalada kwa gundi ya unga wa muhogo, nikanyoosha pembe kwa pasi ya makaa, nikavipanga kwa urefu.

Kilichonikera zaidi kilikuwa penseli. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu kulikuwa na michoro midogomidogo ya hovyo: samaki, chanuo, msalaba, jani, kikombe, kana kwamba katoni lote liliwahi kupitia mikononi mwa darasa la kwanza. Katika vitabu vingine jani lile lilijitokeza hata katikati ya kurasa, pembeni mwa maandishi, mara tano, mara nane. Nilifuta yote. Kifutio changu kilipokwisha siku ya pili, niliendelea na mkate mkavu, ambao hufuta penseli vizuri kuliko watu wanavyodhani. Majani ndiyo yalinisumbua. Aliyeyachora alikandamiza penseli kwa nguvu, na hata rangi ilipotoka mifereji ilibaki kwenye karatasi kama kovu. Niliikwangua kwa ukucha, nikashindwa, nikaumia moyo, nikaendelea na kitabu kingine. Siku ya tatu nilikaa sakafuni nikalitazama lile katoni kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga.

Tantine aliporudi alinisifu mbele ya jirani, nikavimba kichwa. Sifa hiyo iliishi hadi Jumamosi. Mama Naomi aliingia na beseni lake, akainama, akachomoa kitabu, na hakutazama jalada hata kidogo. Alikigeuza, akafungua nyuma, akakirudisha. Akachomoa kingine. Cha tatu alikitikisa kana kwamba kitu kingedondoka.

“Rejine! Nani alinawisha bitabu?”

“Ni Tresor. Hauone vile iko safi?”

“Safi ya nini? Sasa minye nitajua je ile nilisoma na ile sijasoma? Kwa picha ya mbele? Picha yote iko sawa: bwana, bibi, upepo!”

“Soma tena tu.”

“Nisome tena? Nilishalia juu ya uyu bwana mara moja, inatosha!”

Wanawake walicheka, nami nikacheka pia. Hapo ndipo nilipoelewa ile michoro ilikuwa nini. Kila msomaji alikuwa na alama yake. Ukimaliza kitabu, uliiweka nyuma, na atakayekuja baadaye alizisoma alama kabla ya kusoma neno lolote. Samaki alikuwa Mama Naomi: kitabu chenye samaki kina vichekesho, maana vingine huwa havimalizi. Msalaba ulikuwa wa mke wa mwalimu: andaa leso. Samaki na msalaba pamoja, kitabu hicho hakikulala saluni hata siku moja. Mimi niliyejua majalada yote kwa rangi sikujua kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiyatazama.

Bado hilo lingeweza kupita kama mzaha. Lakini saa tisa hivi aliingia Yaya Bea; kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mpole, na mama yake alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka ule. Mama huyo nilimkumbuka: alilima mboga upande wa Buluo, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na aliishika penseli kama mpini wa jembe. Bea alipiga magoti mbele ya katoni. Alifungua kitabu kimoja nyuma, kisha katikati, kisha kingine, na kingine, bila haraka. Halafu mikono yake ikaanza kwenda mbio.

“Tantine,” alisema, “jani ya mama iko wapi?”

Tantine aliliweka chanuo juu ya makaa, akaniita, “Tresor, kuya hapa,” akanieleza pale pale mbele ya wote, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi. Mama yake Bea alisoma polepole. Kila jioni aliposimama, alichora jani pembeni mwa mstari aliofikia, ili kesho asipotee. Tangu mazishi, Bea alikuwa akisoma vitabu vile vile, kwa mwendo ule ule: jani lilipokuwa, naye alisimama, akazima taa. Na kulikuwa na kitabu kimoja ambacho mama yake hakukimaliza. Bea hakuwa amekifikia bado. Hakujua jina lake. Alijua tu kwamba ndani yake majani yangekatika njiani, na nyuma pasingekuwa na jani.

Nililia, tena kwa sauti. Nilisema sikujua, nilisema nilitaka viwe vizuri, nilisema hata habari ya mkate. Bea alikuwa amekaa sakafuni na kitabu mapajani, akipitisha kidole pembeni mwa ukurasa mtupu. Kumtazama akifanya hivyo ndiko kulikonikumbusha ile mifereji. Nilimnyang'anya kitabu, jambo ambalo lilimfanya Mama Naomi apige ukelele wa hasira, nikakimbilia mlangoni, nikakiinamisha kwenye jua la alasiri lililokuwa likiingia kwa chini. Karatasi ikatoa kivuli. Mshipa wa katikati, mishipa mitatu pembeni, na kikonyo. Lilikuwepo.

“Iko!” nilipiga kelele. “Haikutoka! Nilijaribu, ikakataa!”

Basi viti vyote vikahamia mlangoni. Hata mteja aliyekuwa amenyooshwa nywele upande mmoja tu alitoka, upande huu laini, upande huu umesimama, akapewa vitabu sita avichunguze kama wengine. Tulikaa kwenye jua kama watu wanaochambua mchele. Tulikuwa tukitafuta kitabu kimoja: chenye majani mwanzoni, kisha basi. Malori yalipita, tulifunika vitabu kwa taulo za nywele. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya vilima nami nilikuwa nikilipimia kwa vidole, kwa sababu lingeondoka tungekuwa na giza na karatasi nyeupe, na kesho yake ilikuwa Jumapili, na mmoja wa wateja alikuwa tayari anasema tungeendelea wiki nyingine. Sikutaka wiki nyingine. Sikuweza kuwaza kulala usiku ule.

Mama Naomi ndiye aliyekipata. Alikuwa na macho ya mtu anayegeuzageuza samaki juani siku zote. “Njo hii!” alisema, akakinyanyua juu. Majani sita, la mwisho ukurasa wa tisini na mbili, na nyuma hakuna lolote. Ilikuwa hadithi ya mwanamke mpeleka barua katika kijiji cha milimani, na mfuga nyuki mjane aliyekuwa amemficha jambo. Kwenye jani la mwisho, mwanamke alikuwa ameirudisha chupa ya asali aliyopewa, akaiweka kizingitini kwa yule bwana, akaondoka bila kubisha.

Bea alisoma mistari ile, akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Mama aliwaacha banagombana,” alisema.

Nadhani alikusudia kukipeleka nyumbani. Lakini mteja wa nywele nusu akauliza, “Na asali? Ilibakia tu pale inje?” Bea akageuza ukurasa ili amjibu, na baada ya hapo hakuweza kusimama. Alisoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha akatusimulia kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, na saluni nzima ikaingia kijijini kwa wale watu.

“Asali yote ile?” Mama Naomi alilalamika. “Angebakia na asali, arudishe bwana!”

“Nyamaza, aseme.”

“Anaomba musamaha?”

“Bado. Eko anatembea mu pori.”

“Bwana uyu anangoja nini? Mvua?”

Jua lilizama, Tantine akawasha taa, umeme ukakubali. Chanuo lilipoa bila mtu kulikumbuka. Mfuga nyuki alichukua sura mbili nzima kupata neno moja, na alipolipata, Mama Naomi alipiga beseni lake kofi hadi samaki wakaruka. Bea alifika mstari wa mwisho. Alifunga kitabu, akakiweka kifuani, akatazama juu kidogo, si kwetu.

“Mama,” alisema, “balioana.”

Bea hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliniambia nikachochee makaa, maana kulikuwa na mtu wa kumaliza nywele. Nilichochea kama aliyepewa cheo. Hata hivyo usiku ulikuwa umekwenda, na mteja yule alienda kanisani kesho yake amejifunga kitambaa, nusu kichwa hakijanyooshwa, na alimwambia kila mtu kwamba lilikuwa kosa la mfuga nyuki.

Leo nina kibanda cha kuchapa na kujalidi karatasi karibu na soko. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu karatasi nyingi. Nasoma riwaya za mapenzi mchana kweupe, wateja wananiona. Katoni la Tantine halipo tena. Wanawake wa saluni husomea kwenye simu, faili moja linazunguka mji mzima kabla ya chakula cha mchana. Zamani kitabu kimoja kilichukua miezi kufika kwa watu kumi. Sisemi zamani ilikuwa bora. Mama Naomi sasa hutuma ujumbe wa sauti, mafuta ya samaki yakichachatika nyuma yake, akieleza ni sura ipi ilimchekesha mpaka akaunguza kikaango, na mimi hulifungua faili hilo siku hiyo hiyo, bila kutazama picha ya mbele. Ila faili halionyeshi mtu alisimama wapi jioni kwa sababu macho yalichoka. Hilo naliona ni pengo. Bea anafundisha Kolwezi na ana watoto wawili. Kile kitabu cha mfuga nyuki anacho yeye.

Kuhusu mimi, bado naandika upya barua ya mteja kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi, na bado viatu vilivyokaa ovyo vinaninyima usingizi. Kimebadilika kitu kimoja. Mtu akiniletea kitu chake nikitengeneze, namuuliza kwanza ni wapi nisiguse.