Maji ya Moto kwenye Mvinyo

Nilipika miaka kadhaa kwenye mgahawa wa Wakorea Dar es Salaam, na kitu nilichorudi nacho Tukuyu kwa majivuno ni ujuzi wa kuoanisha mvinyo na tambi zao. Tambi za mchuzi mweusi wa maharage zinataka mvinyo mwekundu mwepesi. Tambi za pilipili zinataka mweupe wenye utamu kidogo, tena uwe baridi ili upoze ulimi. Ukinibishia hapo tutagombana.

Lakini kilichonirudisha ni mama. Tangu tumzike baba, alikuwa anakula tonge mbili tatu, anasema ameshiba. Iwe ndizi, iwe maharage, iwe parachichi la mti wake mwenyewe, ni hivyo hivyo. Alikuwa anakwisha namwona, na niliogopa.

Jumamosi moja, mvua yetu isiyojua kuchoka ikinyesha, nikampikia tambi za pilipili. Rojo la pilipili nilikuja nalo, mboga nilichuma nyuma ya nyumba. Chupa ya mvinyo mweupe wa Dodoma niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji nje. Kwa baridi ya mtaani kwetu Kawetele, ndoo ni friji tosha.

Mama akaonja, akakunja uso. "Divai baridi, na mvua yote hii? Unataka na mimi mnizike?"

Nikaanza kumweleza habari za ulimi na utamu. Hakungoja nimalize. Alimimina mvinyo wote kwenye chungu kidogo walichokuwa wakinywea kimpumu na baba, ile pombe yetu ya ulezi, kisha akachukua chupa ya chai na kuongeza maji ya moto, kama kimpumu inavyoongezwa.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka chini ya meza. Chupa yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja! Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama hata hakugeuka. Alikuwa anapapasa juu ya kabati, akashusha mirija miwili ya kunywea kimpumu, yenye vumbi. Sikuwa nimeiona tangu msiba. Akaiosha, akaitia chunguni, mmoja akauelekeza upande aliokuwa anakaa baba.

"Kaa hapo," akaniambia. "Hiki si kitu cha kunywa mtu mmoja."

Nikakaa. Inaniuma kusema hivi kama mpishi, lakini haikuwa mbaya. Pilipili iliwaka, mvinyo wa moto ukaishusha taratibu kifuani. Bosi wangu wa Dar angelia. Mama alivuta mrija, akavuta tambi, akarudi kwenye mrija, jasho likimtoka puani. Nilikuwa nahesabu tonge zake kwa kuibia, hesabu ikanipotea.

Akanyanyua bakuli, akanywa mchuzi wote, akanisogezea.

"Zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki za kwangu. Nikampa zote.