Anza Wewe, Padri

Katika Kituntu nzima, miaka ile ya thelathini, hapakuwa na mtu mgumu kumkaribisha kinywaji kama Ndyamukama. Ni desturi ya Wanyambo kwamba anayekupa pombe huionja kwanza yeye, nawe ukiona. Wengine wakishazoeana hulegeza kamba. Ndyamukama hakulegeza, hata kwa maji ya kunywa! Baba yake alikuwa mwonjaji wa mtemi, na kibuyu kimoja chenye sumu kilimwondoa duniani, Ndyamukama akitazama. Kwa hiyo hata Pulkeria, mkewe, mama wa watoto wake, alionja kila rubisi, pombe ya ndizi, kabla ya kumpa. Na majirani walimlipa kwa kipimo kile kile: hakuna aliyegusa rubisi yake kabla hajaionja mwenyewe.

Pulkeria alikuwa amebatizwa, na kuishi bila ndoa ya kanisani kulimuuma. Alitaka kimoja tu, mumewe naye abatizwe wafunge ndoa kabla uzee haujawakuta.

"Nimwinamishie kichwa Mzungu nisiyeujua moyo wake?" Ndyamukama alisema. "Atamwaga maji, sawa. Na akimwaga kingine?"

Hata hivyo kazi ya Mzungu huyo aliifanya. Padri Anselmi alikuwa amepanda nyuma ya jiko la misheni mizabibu ya divai nyekundu, aina iitwayo sira, akamweka Ndyamukama kuitunza kwa sababu kijijini hakuna aliyemzidi kwa kukamua na kuchachua.

Asubuhi moja, kabla ya misa, Padri alimjia na chupa mbili, uso umemchanua. Moja ilitoka kwao, kwenye bonde la mawe na baridi. Nyingine ilitoka Aljeria, kwenye jua kali.

"Zabibu ni sira ile ile," alisema akimimina. "Onja uone inavyogeuka."

"Anza wewe, Padri."

"Siwezi. Sijasoma misa bado."

Ndyamukama akaweka vikombe chini. Kumbe! Mtu anakupa kinywaji asichothubutu kukigusa, halafu anamsingizia Mungu.

Misa ilipokwisha Padri akarudi, akanywa vikombe vyote viwili mbele yake, ndipo Ndyamukama naye akaonja. Divai ya bondeni ilikuwa kali, inanukia pilipili manga na moshi. Ya Aljeria ilikuwa nzito, ina utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi. Hizi ni zabibu moja? Ananifanya mtoto, aliwaza. Lakini njiani akakumbuka kwamba ndizi za vijiji vya Kanoni na Rugera ni mbegu moja, na rubisi zake hazifanani hata kidogo. La zabibu akalikubali. La Padri, hapana.

"Alipokwenda kanisani alikwenda kunywa dawa ya kuzuia sumu," alimwambia Pulkeria.

"Mapadri hufunga mpaka misa iishe, hata tone la maji hawanywi!"

"Mwenye sumu hakosi sababu."

Miaka ikapita, mizabibu ikazaa. Ndyamukama akakamua, akachachua, akampelekea Padri kibuyu barazani. Alikiinua akionje, kama ilivyompasa. Padri akanyoosha mikono, akakitwaa, akapiga funda refu.

"Padri! Sijaonja!"

"Nimeona." Padri akafuta ndevu. "Nyepesi, ina ukali, na moshi kwa mbali. Si ya kwetu wala si ya Aljeria. Hii ni ya Kituntu."

Habari za divai Ndyamukama hakuzisikia. Tangu awe mtu mzima hakuna aliyekunywa cha mkono wake namna ile. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona furaha iliyomtisha.

Jioni Pulkeria akaleta rubisi, akainama kuionja kama siku zote. Ndyamukama akamshika mkono.

"Acha, Mama Kahigi. Lete."

Akanywa mpaka chini. Pulkeria alibaki amesimama, machozi yanamlengalenga.

"Nimwambie Padri aandae maji ya ubatizo?" akauliza.

"Mwambie."