Bata Mzinga wa Kukhu

Nikisikia harufu ya manyoya ya ndege yakiungua motoni, namkumbuka baba yangu mdogo, na midomo inabenuka yenyewe.

Alikuwa karani wa serikali, akiishi Kibomet, Kitale. Krismasi moja ya miaka ya themanini alitujia Tongaren amefunga tai katikati ya matope, mkononi ana gazeti lenye picha ya bata mzinga mzima juu ya sinia. Mila, alituambia, ndizo zilizoturudisha nyuma, na watu waliostaarabika hawapiki ndege vipande vipande. Mtu mwenyewe hakuwahi kuinjika hata chai.

Bata mzinga aliyetaka apikwe mzima alikuwa wa Kukhu, nyanya yangu. Alimlea tangu kifaranga kwa unga na majani ya vitunguu. Wanawake wa rika lake walikatazwa kuku. Kuku alikuwa wa wanaume. Lakini asubuhi hiyo Kukhu alisema mbele ya watu wote, "Kuku nilikatazwa. Huyu si kuku. Huyu nitakula."

Mama alipochukua kisu amkatekate ndege, baba mdogo alimpokonya. Kisha akaniketisha jikoni, mimi wa miaka tisa, nihakikishe ndege haguswi. Nilivimba kichwa, msicheke. Ndege alipikwa kwa moto mkali katika sufuria kubwa tuliyoazima kanisani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na hata mama alipofunua kutazama nilimkemea.

Sebuleni, baba mdogo alimpasua ndege kama mtu anayechanja kuni. Nje alikuwa ameungua, ndani ana damu, na wageni aliowaalika wakamtafuna wakisifu. Kukhu akaja akasimama mlangoni na sahani yake.

"Mama," baba mdogo akamwambia, mdomo umejaa, "ndege ni ndege. Si tuheshimu mila?"

Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kukhu akarudi jikoni na sahani tupu.

Tangu nipate akili sijamheshimu mtu yule, na sina mpango wa kuanza.

Nilikuwa nimeshaolewa Bungoma mama aliponieleza, tukikata kuku jikoni kwangu, habari za sufuria za nyumbani. Kuku akikatwa, kipande kimoja au viwili hubaki chini ya mchuzi, na mwanamume hawezi kujua. Wanawake wa boma letu walikula kuku miaka yote, Kukhu akiwa wa kwanza. Safari ile tu ndiyo aliyotaka kula waziwazi, na ndege mzima hapunguzwi kirahisi. Sijui kama baba mdogo alilijua hilo. Akili zake sizitukuzi kiasi hicho.

Dharau iliyobaki najielekezea mwenyewe. Kukhu aliporudi na sahani yake, mabaki ya ndege yaliletwa jikoni nyuma yake, nami bado nimekaa kwenye kigoda changu nikilinda. Aliniomba nikachote maji. Aliniomba mara tatu, na mara tatu nilimjibu kwamba mitungi imejaa.