Usimwulize Aliyetoka Jandoni Kama Anaogopa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Januari yenye ukungu mzito, mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayaonekani kabisa, nikiingia darasa la kidato cha tatu na rundo la karatasi nimelikumbatia kifuani. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, kijana, tena mwembamba. Usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa hojaji ya kwanza niliyoitunga maishani mwangu, na nilijiona nimefika.

Nakuambia haya leo, Kemunto, kwa sababu nimeiona hojaji yako pale mezani, ile ya kupeleka Mulot kesho kuwapima wanaojifunza Kijerumani waende kuuguza wazee Ulaya. Unataka kujua ni kiasi gani wanaogopa kuizungumza lugha hiyo. Nimeisoma mpaka chai yangu ikapoa. Umeiandika vizuri, mtoto wa dada yangu, na nimejivunia. Lakini ina tatizo ambalo mimi na yangu tulikutana nalo zamani.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Chepilat, ya wavulana, karibu wote Wakipsigis wa pale pale. Mimi ni binti wa Kisii niliyekulia kambi ya wachuma chai kule Kericho, nikidhani nimewajua majirani zetu kwa kuwa nimekunywa mursik yao, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, tangu utotoni. Mkuu wa shule hakukipenda Kifaransa. Alikiona kinamlia vipindi vya Kilimo. Vijana wangu waliandika vizuri, ila ukimwambia mmoja asimame aseme, darasa zima lilinyamaza kama limeitiwa maombi. Basi akaniita ofisini.

"Mwalimu Moraa," akasema, "mwenye uoga tutamsaidia. Uoga uko na dawa. Lakini yule haogopi na bado hasemi, huyo ni mvivu tu. Aende Kilimo. Niletee majina."

Nikamwambia nitawapima. Nilikuwa nasomea shahada ya pili wakati wa likizo, na vitabu vilivyojaa vipimo vya uoga wa kuzungumza lugha ya kigeni nilikuwa navyo. Lakini moyoni nilikuwa na kijana mmoja tu. Aliitwa Kipng'eno. Insha zake nilizibeba nyumbani kuzisoma tena kwa raha yangu. Alikuwa ameniambia anataka kuwa mwalimu wa lugha, akaniomba nisimwambie mtu. Ukimwita kusema, alisimama, akatazama sakafu, shavu likamchezacheza, akakaa bila neno. Nilijua ni uoga. Nilichotaka ni karatasi ya kumthibitishia mkuu wa shule.

Nikazichukua kauli kutoka vitabuni kama zilivyo. "Ninaogopa kuzungumza mbele ya wenzangu." "Ninatetemeka mwalimu anaponiita." "Simtazami mwalimu machoni ninapojibu." Kando yake nafasi ya kutia tiki, kukubali au kukataa. Wakajaza upesi, wakanirudishia kwa adabu, na jioni hiyo nikajumlisha. Darasa zima halikuwa na uoga. Kipng'eno ndiye aliyeongoza kwa ushujaa. Alikataa kila kauli isipokuwa ile ya macho. Kwa mujibu wa kipimo changu mwenyewe, kijana niliyetaka kumwokoa alikuwa mvivu wa kwanza wa shule.

Kesho yake nikakaa chumba cha walimu nikizitazama zile karatasi, na hapo ndipo Arap Sigei aliponikuta. Alikuwa mwalimu wetu wa Jiografia, mkubwa kwetu sote, mtu aliyewahi kufanya utafiti wake akaumaliza, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tunaliota tu. Akazisoma karatasi moja moja. Kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa wewe, Moraa. Hawa vijana wametoka wapi mwezi wa kumi na mbili?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Nyumbani gani! Wametoka tumdo. Wametoka jandoni, wamekaa huko wakifunzwa kwamba mwanaume haogopi. Hata kupepesa macho hapana. Sasa Januari unawapatia karatasi, unawauliza, 'Je, unaogopa?' Na tena anayeuliza ni mama. Hata ungeingiza chui hapa ndani, wangeandika hapana."

Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu Kisii wavulana hupashwa tohara wakiwa wadogo, mambo yakaisha, wakarudi kuchunga ndama. Sikuwahi kuwaza kwamba kijana wa sekondari anaweza kukalia dawati langu akiwa na kiapo kibichi namna hiyo.

"Na hii ya macho?" nikauliza, nikishika kauli ya mwisho iliyobaki na matumaini.

"Hiyo hujapima uoga," akasema, sasa kwa upole. "Umepima mtoto aliyelelewa. Mtoto wetu hakodolei mkubwa macho. Binti yangu, kipimo chako si kibaya, kimepima kitu kingine. Enda ukae na wao kwanza. Usiwaulize kama wanaogopa. Uliza mwili unafanya nini."

Basi nikafanya alivyosema. Baada ya michezo niliketi nao kwenye nyasi, nikawauliza: mwanafunzi wa darasa hili, yeyote yule, akiitwa kusema Kifaransa, anakuwaje? Mwanangu, hawakunyamaza tena! Kila mmoja alikuwa na "rafiki" yake. Rafiki huyo zamu ikikaribia huacha kuwasikiliza wenzake, anapanga sentensi yake moja kichwani. Rafiki mwingine huomba ruhusa ya kwenda choo. Mwisho kabisa, sauti ya Kipng'eno ikatoka nyuma.

"Madam, kuna mwingine maneno yote anajua. Akisimama tu, yanapotea. Akikaa, yanarudi yote."

Nilimpenda kijana yule siku hiyo kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Maneno yao ndiyo yakawa kauli zangu mpya, na neno "uoga" likatoka kabisa kwenye karatasi. Arap Sigei na mwalimu mwenzangu wa lugha wakazipitia, wakatupa zile zilizopima heshima au uchovu. Nikamwomba kijana mmoja mmoja anieleze kila kauli kwa maneno yake, nione kama anaelewa nilichokusudia. Nikaijaribu kwanza katika shule nyingine huko Kapsoit, ambako hakuna aliyenijua. Ndipo nikarudi kwa wangu. Baada ya wiki chache nikawapa tena, nikaona majibu yanakaribiana. Tena nikayaweka kando ya yale niliyoyaona kwa macho yangu walipozungumza, na waliokwama darasani ndio waliokuwa juu kwenye karatasi. Kipng'eno alikuwa juu kuliko wote.

Mkuu wa shule aliyasoma matokeo, akanung'unika kidogo, akatimiza neno lake. Kijana akabaki. Nikaacha kumsimamisha mbele ya watu, nikamweka na mwenzake mmoja kwenye kona, waongee juu ya ng'ombe wa kwao. Kifaransa chake cha kwanza nilichokisikia kilimhusu ndama mkorofi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kwenye karatasi yako umeandika, "Ninaogopa kufeli mtihani wa kuzungumza." Anayejibu ni mtu ambaye ukoo mzima umemfanyia harambee ili asafiri. Mama yake ameshaliambia kanisa zima. Unadhani atakiri? Na umepanga mwalimu wao ndiye akusanye karatasi. Hapana. Kusanya mwenyewe, wala wasiandike majina. Lakini kesho usigawe chochote. Kesho keti nao, kunywa chai yao, sikiliza uoga wao unajiitaje kwao, kisha urudi uandike upya. Najua msimamizi wako anataka sura ya tatu ya tasnifu mwisho wa mwezi. Mwambie isubiri. Karatasi isiyowajua watu hupata majibu, tena mengi na safi, na majibu hayo yanaweza kumfukuza mtu darasani.

Na huyo mwalimu utakayemkuta Mulot, yule mrefu mwenye mvi kidogo, aliyeanza na Kifaransa cha ndama mkorofi akaongeza Kijerumani, msalimie sana. Mwambie Madam Moraa bado yuko hai na bado anasumbua watu. Utaona mwanafunzi wake akikwama, hamkatizi wala hamjalizii neno. Anatazama dirishani, anangoja. Ukimwuliza kama yeye aliwahi kuogopa kusema, atakujibu hapana, na atakuwa anakudanganya usoni kwa heshima zote. Mkubalie tu.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko kalamu yako, na wote utakaowapima wafike waendako wakiwa na sauti zao. Sasa lete hiyo karatasi tuifute pamoja.